Mtu wa Wanyama

"Mwalimu, huyu William Holden alikuwa nani?"

Aliyeniuliza ni msichana wa Gredi ya 8. Tulikuwa tumeshuka kwenye basi nje kidogo ya mji wa Nanyuki, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori chenye jina la mtu huyo, na manyunyu yalikuwa yameanza. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika gubigubi, hauonekani hata ncha. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa. Nilikuwa nimefika thelathini na saba na watoto walikuwa arobaini na wawili, kwa hiyo nilimjibu bila kumtazama.

"Alikuwa mtu wa wanyama."

Akaandika. Nilimwona akiandika kwa ule mwandiko wake wa kubanana, kisha akatoa rula na kupiga mstari chini ya maneno hayo, kama tunavyowafundisha kufanya wakimaliza jambo.

Ule mstari ndio ulioninyima usingizi.

Nilijua vyema kuwa mtu yule alikuwa mwigizaji wa filamu wa Kimarekani. Utotoni niliona filamu yake moja, ile ya wafungwa wa vita na daraja, kwenye runinga ya jirani yetu. Runinga yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kuwa filamu ile ina rangi. Lakini kukaa chini nikamtazama mtu yule kwa makini, sikuwahi. Basi usiku ule nikasahihisha insha zangu, nikafungua kompyuta, nikavaa visikizi ili nisiamshe nyumba. Katika wiki sita zilizofuata nilitazama filamu zake kumi na moja, mbili kati ya hizo mara tatu tatu.

Naandika haya kwa sababu nimeshindwa kuyaacha.

## Koti

Sunset Boulevard, mwaka wa 1950. Wengi mnaikumbuka kwa mwanzo wake: maiti inaelea kifudifudi kwenye bwawa la kuogelea, polisi na wapiga picha wamesimama ukingoni, na sauti inayotusimulia yote ni ya maiti mwenyewe. Lakini mimi nilinaswa na kipande kingine kabisa, kifupi, cha dukani.

Holden ni Joe Gillis, mwandishi wa filamu aliyeishiwa. Gari lake linataka kuchukuliwa na wadai, kodi ya chumba imemshinda, na ametua kwenye jumba la Norma Desmond, nyota wa zamani wa filamu za kimya, ambaye amempa kazi, kisha chumba, kisha mavazi. Siku hiyo Norma amempeleka kumnunulia nguo. Kuna makoti mawili. Gillis anataka lile la bei ya chini kidogo. Muuzaji anamwinamia na kumnong'oneza kuwa, maadamu bibi ndiye anayelipa, kwa nini asichukue lile la bei ghali.

Mtazame Holden hapo. Hana neno. Kuna kitu kinazimika machoni, halafu kinawaka kingine: hasira ya mtu aliyetajiwa bei yake, na bei ikawa sahihi.

Nilikirudia kipande kile mpaka nikaona aibu.

Alikuwa na miaka 31 walipoirekodi filamu ile, na nafasi hiyo haikuwa yake tangu awali. Montgomery Clift alikuwa ameikubali, kisha akajitoa kazi ikikaribia kuanza. Studio ikampa mwongozaji Billy Wilder kijana iliyekuwa naye kwenye kandarasi, kijana ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameigiza wavulana wema wenye tabasamu, mmoja baada ya mwingine, wote wa kusahaulika. Filamu iliyomtoa, Golden Boy ya 1939, alikuwa mpiga fidla anayegeuka bondia. Wakubwa wa studio walitaka kumfukuza siku za mwanzo tu, maana aliganda mbele ya kamera. Aliyemwokoa ni Barbara Stanwyck, aliyekuwa tayari nyota. Alimtetea, akawa anafanya naye mazoezi baada ya saa za kazi. Holden alimtumia maua kila mwaka, tarehe ileile filamu ilipoanza, kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Mshikilie huyo Stanwyck. Nitamrudia.

## Maneno mawili

Machi 1954. Holden ameshinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa Stalag 17, filamu nyingine ya Wilder. Humo ni Sefton, mfungwa wa vita Mmarekani anayefanya biashara na walinzi wa Kijerumani huku wenzake wakila njaa. Wafungwa wenzake wanamshuku kuwa ndiye msaliti, wanampiga. Si yeye. Lakini hata baada ya kujua si yeye, humpendi, na filamu haikuombi umpende. Holden aliogopa jambo hilo. Alimwomba Wilder ampunguzie Sefton ubinafsi, Wilder akakataa katakata.

Nadhani Wilder alikuwa amekwisha kuona jambo ambalo Holden mwenyewe alikuwa bado hajalijua: kwamba tabasamu lile zuri linaanza kusema kweli pale tu linapokuwa na deni nyuma yake.

Usiku wa tuzo, matangazo ya runinga yalikuwa yanakatika. Muda ulikuwa umeisha. Akapanda jukwaani, akapokea sanamu, akasema asante, asante. Akashuka.

Baadaye alilipa kutoka mfukoni mwake matangazo kwenye magazeti ya watu wa filamu ili awashukuru wote aliokusudia kuwashukuru. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko ushindi wenyewe. Nina wanafunzi wa namna hiyo. Ukimwita mbele anasema maneno mawili na kurudi kwenye dawati, halafu jioni unakuta karatasi mezani kwako imejaa pande zote mbili.

Mwaka uleule wa 1954 alitoa The Bridges at Toko-Ri. Yeye ni rubani wa jeshi la majini katika vita vya Korea, na mwishoni ndege yake inaanguka, naye anakufa ndani ya mtaro wa matope, anawindwa kama mwizi. Hakuna muziki wa ushindi. Ndugu yake mdogo, Robert, alikuwa rubani wa jeshi la majini. Aliuawa Pasifiki mwaka wa 1944. Miaka hiyo ya vita Holden alikuwa Marekani, amevaa sare za jeshi la anga, akiigiza kwenye filamu za kufundishia askari.

Sitaki kumpachika mawazo yangu. Ninachosema ni kwamba nilimtazama kwenye mtaro ule nikiwa nimekwisha kujua habari za Robert, na sikuweza kula chakula cha usiku.

Miaka mitatu baadaye ikaja ile filamu ya daraja, The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Sri Lanka wakati ikiitwa Ceylon. Alikubaliana apewe asilimia 10 ya mapato, lakini asilipwe zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Filamu ikavuma dunia nzima, na ule mgawo ukawa mto usiokauka. Na angalia mhusika wake, Shears: baharia wa kawaida aliyevaa cheo cha afisa aliyekufa, akijua kabisa kuwa ni uongo. Ni mtu mwingine tena anayeishi ndani ya koti lisilo lake.

## Wingu, mawingu

Hapa sasa tunafika nyumbani, na hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kugawanyika.

Mwaka wa 1959 Holden na washirika wake wawili, mfanyabiashara wa mafuta Ray Ryan kutoka Marekani na mwanabenki wa Uswisi Carl Hirschmann, walinunua hoteli iliyokuwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, karibu na Nanyuki, wakaigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club. Hoteli hiyo iliitwa Mawingo. Miaka yote nikipita pale nilijiambia kuwa aliyeandika jina hakuwahi kukaa darasani kwangu. Wingu, mawingu. Haina "o" mwishoni. Lakini ndivyo walivyolisikia wageni waliojenga jumba lile miaka ya 1930, na ndivyo lilivyobaki.

1959, Hali ya Hatari, ile ambayo wakoloni waliitangaza kupambana na Mau Mau, ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Ardhi yote ya pale ilikuwa ndani ya Nyanda za Juu za Wazungu, maana yake Mwafrika angeweza kuwepo akiwa kibarua tu. Babu yangu mzaa baba alitumia miaka hiyo ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari upande wa Nyeri, kimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Asubuhi, ukungu ukipanda, waliuona mlima. Babu aliuita Kirinyaga na alisali akiuelekea. Upande wa pili wa mlima huohuo mtu aliyetajirika kwa kuigiza mfungwa alikuwa ananunua mandhari.

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu usiku, kwa hasira. Asubuhi niliisoma tena. Bado naiona ni kweli, ila naiona pia ni nusu.

Kwa sababu Holden alikuja Kenya kama wengi wa aina yake, na bunduki. Kuwinda. Na sijui ni asubuhi gani aliichoka bunduki, lakini aliichoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na mshirika wake Mmarekani, Don Hunt, walikuwa wameanzisha shamba la wanyamapori jirani na klabu ile, na katika shamba hilo wakaanza kulea mnyama ambaye wengi wetu tuliozaliwa chini ya mlima ule hatujamwona kwa macho: bongo, yule swala mkubwa wa msituni, mwekundu kama udongo wa Nyeri baada ya mvua, mwenye mistari myeupe ubavuni. Miaka hiyo bongo wa Kenya walikamatwa wakiwa hai na kusafirishwa kwenye bustani za wanyama za Marekani. Msituni wakapungua karibu kwisha. Januari 2004 wajukuu wa wale waliosafirishwa, bongo 18, walirudishwa kwa ndege wakaletwa kwenye shamba lilelile la Mlima Kenya. Mwaka wa 2022 pakafunguliwa hifadhi ndani ya msitu ili wazoee kujitafutia wenyewe. Hifadhi hiyo inaitwa Mawingu.

Na safari hii wameliandika jina sawasawa.

Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona machozi yamenijaa, na sikuelewa mara moja ni ya nini.

## Barabara ya Italia

Ningependa kuishia kwa bongo. Makala ingekuwa tamu. Lakini nimejiapiza kutopiga tena mstari kabla ya wakati.

Holden alikuwa mlevi. Alianza kunywa ili atulize woga wa kazi, na pombe ikamganda maisha yote. Mwaka wa 1966, Italia, aligonga gari jingine akiwa amelewa, na dereva wa gari lile akafa. Mahakama ya Italia ilimpa kifungo cha miezi minane, kisha kikaahirishwa. Hakulala gerezani hata siku moja.

Nilipofika hapa niliacha kumtazama kwa siku tisa. Nilikuwa nimempenda, na sikutaka kuwa nimempenda. Nilijiuliza maswali yote mnayoweza kujiuliza. Je, bongo 18 wanalipa uhai wa mtu mmoja? Hawalipi, hakuna mizani ya namna hiyo. Je, filamu zake ziwekwe kabatini? Mke wangu aliniuliza jambo la busara kuliko yote hayo: "Baada ya hapo aliigizaje?"

Nikafungua The Wild Bunch.

## Uso

Ilitoka 1969. Alikuwa na miaka 51, na ukimtoa kwenye Sunset Boulevard ukampeleka moja kwa moja kwenye filamu hii, unashtuka. Wenzake wa rika lake walikuwa bado wanavutwa ngozi na kupakwa rangi. Uso wake umekunjamana kama barua iliyokaa mfukoni miaka mingi. Mifuko chini ya macho. Sauti imeshuka, imekwaruza. Pombe imefanya kazi yake na jua la Nanyuki limefanya yake, na mwongozaji Sam Peckinpah hakuficha chochote.

Yeye ni Pike, kiongozi wa kundi la majambazi wazee ambao dunia imewapita. Kuna mwenzao mmoja, Angel, ambaye wamemwacha mikononi mwa jenerali anayemtesa. Wameshalipwa. Wanaweza kuondoka. Asubuhi Pike anaamka katika chumba cha mwanamke kijana maskini, mwenye mtoto mchanga anayelia pembeni. Anavaa shati. Anamtazama yule mwanamke. Anampa pesa, na uso wa yule mwanamke unaonyesha kuwa pesa hazijibu lolote. Hapo Holden anakaa kimya kwa muda mrefu, anamalizia chupa, anaitupa. Anaenda mlango wa pili walipo wenzake, anawaambia maneno mawili tu, twendeni zetu. Wanne wanachukua bunduki na kutembea katikati ya mji kwenda kumdai Angel, wakijua hawatarudi.

Ni maneno mawili tena. Lakini safari hii hayakukatwa na muda wa runinga. Amechagua yawe mawili.

Sisemi kuwa alikuwa anatubu mbele ya kamera kwa ajili ya yule dereva wa Italia. Toba ya mtu siijui. Ninachojua ni kwamba mwaka wa 1950 uso wake ulionyesha aibu ya mtu aliyenunuliwa, na mwaka wa 1969 ukaonyesha aibu ya mtu anayejua kwamba kuna kitu hakirudishiki. Kati ya nyuso hizo mbili kuna maisha, na maisha hayo hayafundishwi na mwalimu yeyote wa uigizaji.

Miaka saba baadaye, Network. Ni mkuu wa habari katika kituo cha runinga, mzee wa makamo anayemwacha mke wa miaka mingi kwa sababu ya mwanamke kijana asiyejua kupenda. Beatrice Straight, aliyeigiza mke, alipata Oscar kwa dakika tano hivi za kuonekana. Kila mtu husifia dakika hizo, na kwa haki. Lakini irudie ukimtazama Holden anayesikiliza. Anapokea kila neno kama mtu anayesomewa hesabu zake na hana pingamizi. Aliteuliwa kuwania Oscar mwaka huo, ikaenda kwa Peter Finch wa filamu hiyohiyo, ambaye alikuwa amefariki Januari 1977.

## Alichokuwa hajasema

Aprili 1978, tuzo za Oscar. Holden na Barbara Stanwyck wanatoka pamoja kutangaza tuzo ya sauti. Kuna maandishi waliyopewa wasome. Holden anayaacha. Anawaambia watu waliojaa ukumbini kuwa miaka 39 iliyopita kazi yake ilikuwa inakaribia kwisha kabla haijaanza, na kwamba mwanamke huyu aliyesimama kando yake ndiye aliyesimama upande wake, na ndiyo sababu yeye yupo pale usiku ule.

Stanwyck hakuwa ameambiwa. Uso wake unavunjika, anamkumbatia.

Nimeitazama mara nyingi hotuba hiyo fupi. Naamini ndiyo ile ya 1954 iliyokatizwa, imefika ikiwa imechelewa miaka 24.

## Mjomba

Nimezunguka. Sasa niseme.

Ni rahisi kusema kuwa Holden alikufa kama kwenye filamu yake. Mimi sikubali. Maiti ya Joe Gillis inakutwa asubuhi ileile. Polisi wanakuja na ving'ora, magazeti yanakuja, kila mtu anakuja. Novemba 1981, katika nyumba yake Santa Monica, William Holden alikuwa peke yake, amelewa. Aliteleza kwenye zulia, akajigonga kipaji kwenye meza ya kando ya kitanda, akavuja damu mpaka akafa. Alikuwa na miaka 63. Rafiki yake Ronald Reagan, ambaye Holden alisimamia harusi yake mwaka wa 1952, wakati huo alikuwa rais wa Marekani. Filamu ya mwisho ya Holden ilikuwa imetoka mwaka uleule.

Mwili wake ulipatikana tarehe 16. Zilikuwa zimepita siku nne.

Nilikuwa na mjomba fundi wa redio. Mzuri wa sura, mcheshi, akiingia harusini hata bi harusi anageuka. Alikuwa anakunywa. Tulijua wote na hatukusema, maana alikuwa akituchekesha. Alipanga chumba katika mji ambao haukuwa wetu, na aliyemkuta ni mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Siku ya tatu. Nilikuwa na namba yake ya simu na sikuwa nimempigia tangu Krismasi. Tanzia yake niliiandika mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika ukoo. Niliandika: alikuwa mtu wa watu.

Nikapiga mstari chini.

Mwaka uliofuata kifo cha Holden, mwenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, alianzisha wakfu wenye jina la Holden, na wakfu huo ndio uliojenga kituo ambacho wanafunzi wangu walishuka kwenye basi siku ile ya manyunyu. Sasa ninaelewa kuwa mtu aliyempenda alitafuta sehemu ya maisha yake ambayo ingeweza kuendelea bila yeye, akaijengea lango. Hana kosa. Miezi minne baada ya kifo hicho, Stanwyck alipopewa Oscar ya heshima, alisema jukwaani kuwa Holden alikuwa akimtakia sikuzote apate tuzo ile, na kwamba usiku ule kijana wake wa dhahabu ametimiziwa. Naye hana kosa. Sisi tunaopita langoni ndio wenye kazi ya kuuliza, na mtoto alipoifanya kazi hiyo, mimi nilimjibu ili nimalize kuhesabu vichwa.

## Jumanne

Jumanne iliyopita nilimwita yule msichana mwisho wa kipindi. Nilikuwa nimekaa na wazo hilo siku nyingi, nikisita. Ana miaka kumi na mitatu. Kuna mambo mzazi wake angependa asiyasikie kutoka kwangu. Lakini mtaani kwetu watoto wanamjua mlevi kabla hawajajua kusoma, na niliona afadhali asikie habari za mtu mzima kutoka kwa mtu aliyezitafuta.

Nikamwambia afungue daftari la safari. Ulikuwapo ukurasa, na mstari, umenyooka kabisa.

Nikamweleza yote. Koti la dukani, na yule mama aliyetumiwa maua. Ndugu aliyeanguka Pasifiki. Mawingo yenye "o" na Mawingu yenye "u", hapo alicheka. Bunduki, kisha bongo. Handaki la babu yangu upande huu wa mlima. Dereva wa Italia. Hapo aliacha kucheka. Uso uliozeeka, na wale wanne wakitembea katikati ya mji. Nikamalizia kwa Santa Monica.

Alikuwa ameandika kwa muda, kisha akaacha, akawa anasikiliza tu, rula imelala juu ya daftari.

"Siku nne, mwalimu?"

"Siku nne."

"Na jirani hata mmoja hakupiga hodi?"

Kengele ya mapumziko ikalia. Wenzake wakamwagika uwanjani kwa kelele. Yeye alibaki amesimama pale mbele ya meza yangu, kalamu mkononi, akisubiri nimwambie cha kuandika.